Saa 12 Jioni: Mwanafunzi wa Field na Bomba Lililopasuka

Kisa hiki ni cha darasani. Nimekitunga kwa kufuata jinsi ofisi za maji za mikoani zinavyofanya kazi, ndiyo maana mamlaka ya maji haina jina, mji hauna jina, na mwanafunzi mwenyewe hana jina. Sheria na vipimo nitakavyovitaja ni vya kweli.

Mwanafunzi yuko mwaka wa pili wa shahada ya uhusiano wa umma, ya aina inayofundishwa SAUT Mwanza (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) au pale SJMC, shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yuko field, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye mamlaka ya maji ya mkoa, wiki ya tatu. Mpaka siku hiyo kazi zake zimekuwa kupiga picha wageni wakisaini kitabu, kukata habari za magazetini zinazoitaja mamlaka na kuzibandika kwenye faili, na kupeleka barua masjala. Yeyote aliyepita field anazijua kazi hizo. Afisa Uhusiano, ambaye ndiye msimamizi wake, amesafiri kwenda Dodoma kikaoni.

Alfajiri ya Ijumaa, bomba kuu linalotoka kwenye mtambo wa kusafishia maji kwenda tangi la mlimani lilipasuka. Kufika saa 2 asubuhi, simu za dawati la huduma kwa wateja zilikuwa hazipumziki. Meneja wa dawati hilo akamwita: "Mwanangu, wewe si ndiye wa uhusiano? Niandikie tangazo, nilione kabla ya saa 3." Wengi wangekimbilia kompyuta. Yeye alianza kwa kumpigia mhandisi wa mtandao, aliyekuwa shimoni na mafundi.

"Shikamoo, Injinia. Samahani, nauliza maji yatarudi saa ngapi, niwaandikie wananchi."

"Marahaba. Jioni tutakuwa tumemaliza. Kumi na moja, kumi na mbili hivi."

Akashukuru, akaandika:

"TAARIFA KWA UMMA. Mamlaka inawatangazia wateja wake wote kuwa, kutokana na hitilafu ya kiufundi, kutakuwa na ukosefu wa huduma ya maji katika baadhi ya maeneo. Mafundi wanaendelea na jitihada za kurejesha huduma, ambayo inatarajiwa kurejea leo saa 12 jioni. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Meneja alijibu kwa dole gumba WhatsApp. Tangazo likapandishwa kwenye kurasa za mamlaka, likatumwa kwa wenyeviti wa mitaa, na redio ya mjini ikalisoma mchana.

Bomba liliunganishwa saa 11 na nusu jioni. Injinia alitimiza neno lake, tena mapema. Saa 12 ikafika, hakuna nyumba iliyopata maji. Saa 3 usiku mitaa ya bondeni ikaanza kupata maji ya kahawia. Mitaa ya mlimani ilisubiri mpaka Jumamosi, adhuhuri ikikaribia. Na usiku wa katikati ya hapo ujumbe wa sauti ukaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: mwanamume, sauti ya mtu mwenye uhakika, anasema maji hayo yamechanganyika na maji taka, msiwape watoto.

Tuanze na tangazo. Sarufi yake haina kosa, mpangilio ni ule ule wa chuoni, na mhadhiri asiye na haraka ya kufikiri angelipa alama nzuri. Tatizo ni saa 12. Injinia alijibu swali alilolisikia yeye, yaani ni lini atatoka shimoni. Wateja walisoma jibu la swali lao, ni lini maji yatatoka kwenye koki. Baina ya mambo hayo mawili kuna saa nyingi, na kila mtu wa karakana anazijua. Bomba likishaunganishwa, valvu hufunguliwa taratibu, maana ukizifungua kwa pupa pigo la maji linaweza kupasua mahali pengine. Hewa iliyojaa bombani lazima itolewe. Maji ya kwanza, yenye tope na kutu, humwagwa. Kisha tangi lililokauka kutwa nzima lianze kujaa, na linajaa huku mji mzima umeacha koki wazi: kila nyumba ya bondeni inajaza ndoo, madumu na simtanki kwa pamoja. Mlimani presha haifiki mpaka walio chini watosheke.

Hakuna aliyedanganya hapo. Injinia hakuulizwa kuhusu tangi wala kuhusu mlimani, na kwa mtu aliyesimama kwenye tope tangu alfajiri si haki kumtarajia aanze kufundisha. Hoja yangu yote katika kisa hiki ni kwamba kazi ya uhusiano wa umma ilifanyika, au ilikosa kufanyika, ndani ya simu ile ya saa 2. Kuandika kulikofuata kulikuwa ukarani.

Angeuliza nini? Akishaambiwa jioni, swali linalofuata ni hili: mkimaliza kuunganisha, kunafanyika nini tena kabla mtu wa mlimani hajapata maji? Halafu, mtaa upi hupata mwisho? Na kuna swali moja ninalolipenda kuliko mengine: mara ya mwisho bomba hili lilipopasuka, mlimani walipata maji saa ngapi? Mafundi, kama sisi wote, wakikisia mbele hukisia kwa matumaini. Wakikumbuka nyuma wanakumbuka sawasawa. Kwenye kila mamlaka yupo mzee mmoja wa valvu, pengine amebakiza miaka miwili kustaafu, anayejua mtaa upi unapata maji baada ya upi bila kufungua faili lolote. Mwanafunzi wa field ana nafasi nzuri ya kumfikia mzee huyo kuliko Afisa Uhusiano mwenye cheo, kwa sababu hakuna anayemshangaa mwanafunzi akiuliza maswali ya kijinga.

Kwa majibu hayo tangazo lingeweza kusomeka hivi:

"Bomba kuu la kupeleka maji kwenye tangi la mlimani limepasuka leo alfajiri karibu na daraja. Mji mzima utakosa maji. Mafundi wanatarajia kumaliza kuliunganisha jioni, lakini tangi litahitaji muda kujaa. Mitaa ya bondeni itegemee maji usiku wa leo. Mitaa ya mlimani itegemee kesho mchana. Maji ya mwanzo yatakuwa na rangi: yaacheni yatiririke mpaka yawe meupe. Boza la maji litakuwa hospitalini, na jingine sokoni kuanzia saa 5. Tutatoa taarifa nyingine saa 10 jioni, hata kama hakuna jipya."

Hapo "hitilafu ya kiufundi" imeondoka. Watu wanaopita darajani wameshaona maji yanarukia barabarani na wameshapiga picha. Ukiwaambia hitilafu ya kiufundi wanajiuliza unaficha nini. "Baadhi ya maeneo" nayo imeondoka, maana kila msomaji hutumaini yeye hayumo. Radhi sijaiweka, na najua wapo watakaonisuta. Iwekwe mwishoni wakitaka, ila ile ya "usumbufu wowote utakaojitokeza" siikubali, kwa kuwa usumbufu ulishajitokeza tangu saa 11 alfajiri.

Sasa meneja. Rasimu hii ya pili asingeipitisha kirahisi. "Unataka tutukanwe kutwa nzima? Andika jioni, tukichelewa tutaeleza." Wanafunzi darasani huwa wanamcheka meneja huyu, na mimi huwazuia, kwa sababu yeye ndiye atakayepigiwa simu na Mkuu wa Wilaya, si wao. Anajua kwamba tangazo linalosema kesho mchana litamletea kelele leo asubuhi, na kelele za leo zina jina lake. Hoja ya kumjibu haiwezi kuwa "tuwe wakweli", maana hiyo anaijua. Mjibu kwa madumu. Mama aliyeambiwa mapema kwamba maji ni kesho mchana hununua madumu mawili ya ziada saa 3 asubuhi, mkokoteni ukiwa bado na bei ya kawaida, na nguo za shule anaziacha mpaka Jumapili. Aliyeambiwa saa 12 jioni husubiri. Saa 2 usiku anatoka kutafuta maji akiwa na watoto hawajaoga, na mwenye mkokoteni ameshajua shida ilipo. Tofauti ya bei hiyo mama ameilipa kwa sababu ya tangazo, bomba halihusiki. Na yeye ndiye anayeingia kwenye kundi la WhatsApp usiku akiwa tayari kuamini chochote kibaya kuhusu mamlaka. Meneja akielezwa hivyo ana kitu cha kumwambia Mkuu wa Wilaya.

Chuoni wanasoma kisa cha Tylenol. Mwaka 1982, mjini Chicago na vitongoji vyake, watu 7 walikufa baada ya kumeza vidonge vya maumivu vya jina hilo vilivyotiwa sumu ya sianidi, na kampuni ya Johnson & Johnson ikaondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31 nchi nzima, hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Ni kisa kizuri, na kimefundishwa mpaka kimelainika. Lakini mwanafunzi anakimaliza akidhani ustadi ulikuwa kwenye maneno ya wakubwa wa kampuni mbele ya kamera, wakati kilichowapa la kusema kilikuwa uamuzi wa kuondoa chupa. Mwanafunzi wa field hana mamlaka ya kuondoa hata tangazo lililochakaa ukutani. Alichonacho ni uwezo wa kurudisha maneno kwa wenye maamuzi kabla hayajatoka: Meneja, tukisema hivi, saa 12 tutakuwa na maji?

Turudi kwenye sauti ya usiku, ambayo kwangu ni sehemu ngumu zaidi ya kisa.

Saa 4 usiku mwanafunzi yuko kwenye chumba alichopanga, simu haitulii. Kwenye kundi la wafanyakazi mmoja anaandika: "Wa uhusiano yuko wapi? Waambie wapuuze huo uvumi, maji ni salama." Mwingine anashauri aongeze onyo, kwamba anayesambaza uongo atashughulikiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Rasimu tayari ameshaiandika kwenye simu. Hakuituma. Alimtafuta kwanza mtu wa maabara ya maji, akampata baada ya kupiga mara kadhaa, akamuuliza: je, inawezekana?

Jibu la kitaalamu ni kwamba inawezekana. Bomba likiwa na presha, maji husukuma kwenda nje. Penye ufa yanavuja. Presha ikiondoka, mambo hugeuka: maji machafu yaliyotuama kuzunguka bomba bovu yanaweza kunyonywa kuingia ndani. Mtaa wenye mifereji ya maji taka inayopita juu ya mabomba ya zamani uko hatarini kweli. Yule mwanamume wa kwenye sauti pengine hakujua lolote kati ya haya, alibahatisha tu, lakini alibahatisha kitu ambacho wahandisi huogopa. Rangi ya kahawia mara nyingi ni kutu na tope lililotibuliwa na maji kurudi kwa kasi, wala haithibitishi maji taka. Haiyakanushi pia. Kinachotoa jibu la kwanza ni kipimo: kama klorini, dawa ya kuua vijidudu inayotiwa mtamboni, bado imebaki kwenye maji pale kwenye koki ya mteja. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Kipimo hicho mtaalamu anakifanya papo hapo kwa kifaa cha mkononi, ila lazima aende mtaani, na saa 4 usiku bado hajaenda. Vipimo vya vijidudu vyenyewe huchukua muda zaidi, kwa sababu sampuli lazima ikae kwenye joto maalumu mpaka kesho yake.

Kwa hiyo saa ile, sentensi "maji ni salama" ilikuwa haina mwenyewe. Maabara haikuisema, injinia hakuisema. Angeisema mwanafunzi wa mwaka wa pili, kwa nembo ya mamlaka.

Alichopendekeza kilikuwa hiki: "Tumesikia ujumbe wa sauti unaozunguka kuhusu maji. Maji yenye rangi baada ya matengenezo hutokana mara nyingi na kutu na tope ndani ya mabomba. Hata hivyo wataalamu wa maabara wataanza kupima maji mitaani saa 12 asubuhi, na majibu ya klorini tutayatoa saa 3 asubuhi. Mpaka wakati huo tumieni maji mliyohifadhi, au yachemsheni kabla ya kunywa. Ukiona maji yana harufu, tupigie ututajie mtaa wako."

Meneja alisita kwenye "yachemsheni". Aliona ni kukiri. Simlaumu kwa hofu hiyo, lakini hapa nchini kuchemsha maji ya kunywa ni ushauri anaopewa kila mama kliniki. Hakuna anayeusikia kama ungamo. Kilichoniridhisha zaidi kwenye rasimu ile ni sentensi ya mwisho. Inamgeuza mtu mwenye wasiwasi kuwa mpimaji: mitaa itakayotajwa kwa harufu ndiyo maabara ianze nayo asubuhi.

Onyo la sheria hakuliweka, na alifanya vyema. Waza asubuhi maabara ikute mtaa mmoja hauna klorini kabisa. Mamlaka itakuwa imemtishia kumshtaki mtu aliyekuwa sahihi kwa bahati, na hakuna taarifa itakayoifuta hiyo. Hata vipimo vikiwa safi, mteja wa mtaa wa tatu ambaye angepiga simu kusema maji yake yananuka atanyamaza, kwa kuogopa.

Kuhusu idhini nitapita haraka. Dole gumba la WhatsApp si idhini, labda ofisi iwe imekubaliana hivyo kwa maandishi. Msemaji wa taasisi ya umma anajulikana: ni mkurugenzi au aliyekasimiwa naye. Mwanafunzi alipaswa kumpigia Afisa Uhusiano huko Dodoma, hata kama ni kumtoa nje ya kikao kwa dakika mbili. Ujumbe wa usiku ulipita njia hiyo na ukatoka saa 5 kasoro. Tangazo la asubuhi halikupita, na lilipogeuka kuwa kero kila mtu alilikumbuka kama "lile la yule mwanafunzi."

Kuna jambo moja dogo ambalo watu wa darasani hulipita bila kuliona. Asubuhi, ili matangazo yafike haraka, kitengo cha ankara kilimpa mwanafunzi orodha ya namba za simu za wateja, na kwa nia njema akafungua makundi ya WhatsApp kwa simu yake binafsi. Kila mteja akaona namba ya kila mteja mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililofanya zikusanywe, na zilindwe. Mtu alitoa namba yake apate bili. Kumtumia ujumbe mfupi kupitia mfumo wa mamlaka kwamba maji yamekatika kunatetewa kirahisi. Kumuweka kwenye kundi moja na majirani asiowajua, kwenye simu ya mwanafunzi atakayeondoka baada ya wiki tano, hakutetewi hata kidogo. Makundi yafungwe, orodha ifutwe kwenye simu, na msimamizi aandikiwe kwamba imefutwa. Picha za skrini za malalamiko alizohifadhi kwa ajili ya ripoti ya chuo zifichwe majina, namba za simu na namba za mita.

Ripoti hiyo ndiyo itakayobaki mkononi mwake. Akimaliza chuo, kama hatapata kazi kwenye kampuni binafsi, ataomba kupitia Sekretarieti ya Ajira nafasi kama ya Afisa Habari Daraja la II, na kwenye usaili ataketi na vijana wengi wenye shahada ile ile, wenye picha zile zile wakiwa wamesimama nyuma ya mkurugenzi kwenye uzinduzi. Picha hizo hazimwambii msaili lolote. Lakini akiulizwa aeleze siku aliyoshughulikia malalamiko ya umma, huyu ana tangazo la saa 3 asubuhi na ujumbe wa saa 5 kasoro usiku, na anaweza kueleza kilichobadilika kichwani mwake kati ya hayo mawili. Mhadhiri wake anaweza kumshauri aliache la kwanza nje ya ripoti ili asijishushe. Mimi ningemwambia aliweke kama lilivyotoka, na saa 12 yake.

Na kabla ya kuondoka aketi tena na mzee wa valvu, waandike mitaa yote kwa mpangilio wa maji yanavyofika baada ya bomba kuu kufungwa, na saa za kawaida kwa kila mtaa. Karatasi moja inatosha. Nakala aibandike ukutani kwenye dawati la huduma kwa wateja, karibu na simu, kwa sababu bomba lile ni la zamani na mzee anastaafu.